Unga wa misuli: unafanya kazi ao hapana?



Kisha likizo, mwenzetu wa darasa la tano alirudi toka Kolwezi na mkebe wa kreatini. Posho mbili zikapita, akapanda ku mizani, akapiga kelele: "Kilo mbili! Inafanya!" Siku ile ile wengine wakaanza kutafuta makuta ya kuagiza yao, hata makuta ya minervali. Mimi kapita wenu nikamuuliza: ulijipima saa ngapi? Kumbe mara ya kwanza asubuhi, mara ya pili kisha bukari ya mangaribi, tena na viatu!

Mizani inapima yote pamoja: misuli, mafuta, maji, na bukari yenye iko tumboni. Kati ya asubuhi na mangaribi mtu anaweza kupitisha kilo moja. Na kreatini yenyewe inavuta maji ndani ya misuli mu siku za kwanza. Si kusema ni uongo. Imechunguzwa sana, na inasaidia kazi fupi ya nguvu. Lakini kilo za posho ya kwanza hazishuhudii misuli.

Tena kuna moyo wa mtu. Mwaka 1972, ku Marekani, Ariel na Saville waliwaambia wainuaji vyuma kwamba wanawapa dawa ya nguvu. Vidonge havikuwa na dawa hata kidogo, walakini nguvu yao iliongezeka kuliko mbele.

Basi tulifanya hivi. Yeye alikuwa mzoefu wa vyuma, maana mwenye kuanza anapata nguvu haraka hata bila unga. Kila asubuhi nilimtilia mu uji kijiko kidogo: mwezi mmoja unga wa muhogo, mwezi wa pili kreatini. Hakuambiwa ni mwezi gani. (Muhogo ulitangulia sababu kreatini inakawia kutoka mu misuli. Sasa mmejua, nitatafuta hila ingine.) Chakula na mazoezi havikubadilika. Tulimpima asubuhi mbele ya kula, mizani ile ile, mkono na kiuno kwa meta ya fundi wa nguo, pahali palipotiwa alama ya biki. Tukahesabu mara ngapi anainua makopo yetu ya sementi.

Mwezi wa muhogo: mara 12 mpaka 14. Mwezi wa kreatini: 13 mpaka 15. Siku na siku zinapishana kwa mbili, na faida ni moja tu! Pengine inasaidia, kwa hesabu hii hatuwezi kuapa. Yeye anataka mwezi mwingine.

Lakini vile vidonge vya kunenepesha vyenye deksametazoni, hivyo sitampimia mtu. Kilo zinapanda kweli, uso unavimba, tumbo linakua. Ni maji na mafuta, na misuli ya mikono na miguu inalegea. Mwenye kuvimeza tangu siku nyingi asiache kwa gafula, mwili unaweza kuanguka. Aende kwanza kwa muganga ku hospitali, na abebe paketi yenyewe.