Afya ya Mgombea: Mpiga Kura Aulize Nini, Aache Nini

Kijitabu cha elimu kwa mpiga kura

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Oktoba 26, 2005, zikiwa zimebaki siku nne tu Watanzania wapige kura, Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa CHADEMA, alifariki dunia. Uchaguzi wa Rais wa Muungano na wabunge uliokuwa ufanyike Oktoba 30 ukasogezwa hadi Desemba 14. Zanzibar walimchagua Rais wao tarehe ileile ya awali, kisha wakarudi vituoni Desemba kwa kura za Muungano. Kenya nayo imeliandika jambo hili kwenye Katiba yake ya 2010: mgombea urais au mgombea mwenza akifariki siku ya uchaguzi au kabla yake, uchaguzi wa Rais unafutwa na mwingine unapangwa.

Kwa hiyo uhai na afya ya mtu mmoja vinaweza kugusa kalenda ya nchi nzima. Hapo ndipo mabishano yanapoanza. Wapo wanaosema ugonjwa ni siri ya mtu na daktari wake, basi. Wapo wanaosema anayeomba kura ameshaweka kila kitu mezani, hata majibu ya maabara. Sisi tulioandaa kijitabu hiki tunaona pande zote mbili zimepitiliza.

Abiria wa basi la mkoani hamwombi dereva faili lake la hospitali. Anataka kujua kama dereva anaiona barabara vizuri, na kama ndani ya basi yupo dereva wa pili. Mpiga kura ana haki ya mambo hayo mawili: kujua kama mgombea ataumudu wajibu wa ofisi anayoiomba, na kujua nani atashika usukani akishindwa. Jina la ugonjwa, dawa anazomeza na kliniki anayohudhuria vinabaki kuwa vyake, mpaka viguse mojawapo ya hayo mawili.

Sheria inasema nini

Ibara ya 39 ya Katiba ya Tanzania inataja sifa za anayetaka urais: uraia wa kuzaliwa, umri wa miaka 40, kudhaminiwa na chama, na sifa za kuwa mbunge. Cheti cha daktari hakimo. Afya inaingia kwa mlango mmoja tu: mtu aliyethibitishwa rasmi kuwa na ugonjwa wa akili hawezi kuwa mbunge, na kwa hiyo hawezi kuwa Rais.

Baada ya kuapishwa mambo hubadilika. Kwa Ibara ya 37, Baraza la Mawaziri likiona Rais hawezi kumudu kazi zake kwa sababu ya maradhi ya mwili au ya akili, linaweza kupeleka azimio kwa Jaji Mkuu. Jaji Mkuu huteua bodi ya utabibu yenye mabingwa wasiopungua watatu. Ikithibitika kwamba hawezi, hati inakwenda kwa Spika. Rais asipopata nafuu na kurejea kazini ndani ya siku saba, kiti kinahesabiwa kuwa wazi na Makamu wa Rais anaapishwa kumalizia kipindi.

Kenya njia inaanzia bungeni. Ibara ya 144 inamruhusu mbunge, akiungwa mkono na angalau robo ya wabunge, kuleta hoja ya kuchunguza uwezo wa Rais wa kimwili au kiakili. Ikipita, Jaji Mkuu huunda jopo la watu watano: madaktari watatu, wakili mmoja wa Mahakama Kuu na mtu mmoja anayependekezwa na Rais mwenyewe. Jopo lina siku 14 kutoa ripoti.

Tazama neno linalorudiwa katika Katiba zote mbili: uwezo wa kufanya kazi. Hakuna inayosema Rais aondoke kwa kuwa ana kisukari au presha. Lakini uchunguzi huo wote unakuja mtu akiwa ameshaingia Ikulu. Kabla ya kura, mwananchi hubaki na macho yake, na macho hudanganywa kirahisi.

Pushapu si kipimo

Kampeni za 2015 Tanzania zilikuwa pia mashindano ya misuli, ingawa hakuna aliyeziita hivyo. Afya ya Edward Lowassa, mgombea wa CHADEMA na umoja wa vyama vya upinzani, UKAWA, ilijadiliwa vijiweni na majukwaani. John Magufuli wa CCM akapiga pushapu jukwaani, mbele ya umati uliokuwa ukishangilia. Ujumbe ulieleweka bila maneno: huyu yuko fiti.

Machi 17, 2021, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kifo cha Rais Magufuli. Alieleza kwamba marehemu alikuwa na tatizo la mfumo wa umeme wa moyo kwa zaidi ya miaka 10. Piga hesabu kurudi nyuma: siku zile za pushapu tatizo lilikuwapo. Na Lowassa, ambaye wengi walimtilia shaka, aliishi hadi Februari 2024.

Hesabu hiyo isomwe kwa pande zote. Mtu mwenye maradhi ya moyo alimaliza kipindi kizima cha miaka mitano, akazunguka nchi na kugombea tena. Kwa hiyo hata kama wapiga kura wangelijua jina la ugonjwa mwaka 2015, lisingewaambia mengi kuhusu kazi yake. Kilichowakwaza wengi ni wiki zile za mwisho. Rais hakuonekana hadharani tangu mwishoni mwa Februari. Machi 12, Waziri Mkuu aliwaambia wananchi mkoani Njombe kwamba Rais ni mzima na anachapa kazi. Polisi wakawakamata watu kwa tuhuma za kueneza uvumi. Wenye haki ya kuuliza kama ofisi ya juu ina mtu hawakuwa na pa kuuliza.

Kenya nako, mgombea urais Mwai Kibaki alipata ajali ya gari Desemba 3, 2002, wiki chache kabla ya uchaguzi, akapelekwa London kutibiwa. Desemba 30 aliapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu ukiwa na plasta, na umati mkubwa ukishuhudia. Hakuna aliyehitaji kukisia. Mwezi uliofuata alilazwa hospitali jijini Nairobi, maelezo yaliyotolewa yakawa haba, na mitaani kila mtu akawa daktari. Aliongoza nchi hadi 2013.

Ulemavu si ugonjwa

Hapa tuseme wazi, maana kwenye kampeni hukosewa makusudi. Kutoona, kutembelea magongo au kuwa na ualbino hakumwambii mpiga kura lolote kuhusu uwezo wa mtu kutunga sheria au kusimamia bajeti. Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimpeleka bungeni Salum Khalfani Barwany, mtu mwenye ualbino, katika miaka ambayo wenzake walikuwa wakiuawa kwa imani za kishirikina.

Franklin Roosevelt wa Marekani alipooza miguu mwaka 1921, na alishinda urais mara nne. Miguu haikumzuia kuiongoza nchi yake vitani. Jambo zito lilikuwa jingine: Machi 1944 daktari wa moyo alimkuta na presha kali na moyo unaoshindwa kazi. Wapiga kura hawakuambiwa. Novemba wakamchagua, na Aprili 12, 1945 akafariki. Makamu wake, Harry Truman, alikuwa na siku 82 tu kwenye nafasi hiyo, na hakuwa ameelezwa kikamilifu mradi wa bomu la atomiki. Kuficha ugonjwa kulikuwa kosa, lakini kumwacha mrithi gizani hali ikiwa hivyo kulikuwa kubaya zaidi.

Barua ya daktari

Wengine hudhani dawa ni rahisi: kila mgombea alete barua ya daktari. Ufaransa walijaribu. François Mitterrand alipochaguliwa kuwa Rais 1981 aliahidi taarifa ya afya kila miezi sita, na taarifa zikawa zinatoka, zimesainiwa na daktari wake. Mwaka huohuo alikuwa ameshagundulika na saratani ya tezi dume. Wafaransa waliambiwa 1992. Karatasi ilikuwa rasmi, saini ilikuwa halali, na maneno yalikuwa ya uongo.

Daktari anayelipwa na mgombea, au anayemtegemea, hawezi kuwa shahidi pekee. Tunapendekeza mfano wa Ibara ya 37 uletwe kabla ya kura: bodi ya madaktari watatu wasiochaguliwa na mgombea wala chama, itakayojibu swali moja kwa ukurasa mmoja, kama mtu huyu anaweza kufanya kazi ya urais. Bodi isitaje ugonjwa. Isiwe na mamlaka ya kumwengua mtu pia, kwa sababu mlango huo ukifunguliwa chama tawala chochote kitaupitia. Ukurasa uchapishwe, mwananchi aamue.

Ukweli ukisemwa mapema hauui siasa. Novemba 2014 Ikulu ya Tanzania ilitangaza kwamba Rais Kikwete amefanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Watu walimwombea, wengine walitania, kazi za serikali zikaendelea.

Maswali ya mkutanoni

Usimuulize mgombea anaumwa nini. Muulize: ukihitaji matibabu ya wiki kadhaa, utatangaza, na utamkabidhi nani kazi? Muulize mgombea mwenza ana mpango gani wa nchi, na umsikilize kama unayemsikiliza Rais, maana Rais akifariki makamu ndiye anayeshika usukani, kama ilivyokuwa Tanzania Machi 2021 na Zambia mara mbili kabla yake, 2008 na 2014. Kwa mbunge na diwani uliza mahudhurio: aliyekuwapo kipindi kilichopita alihudhuria vikao vingapi? Kiti kitupu kwa miaka mitano kina madhara yaleyale, kiwe kimesababishwa na maradhi au uvivu.

Ukitumiwa picha ya faili la hospitali

Usiisambaze, hata kama ni ya mgombea usiyempenda. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 Tanzania na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 Kenya. Hali ya maambukizi ya VVU ina ulinzi wake wa ziada katika sheria za UKIMWI za nchi zote mbili. Mhudumu wa afya anayetoa faili nje amevunja pia maadili ya taaluma yake, na mgonjwa wa kesho atakayeogopa kupima ni jirani yako wa kawaida, asiyegombea chochote. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa Tanzania, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa Kenya.