Mfupa bandia: Mgeni njoo, mwenyeji apone

Chukua mfano wa kijana aliyeanguka kutoka kwenye bodaboda na kuvunjika muundi vibaya. Vipande vya mfupa vilivyosagika vimeondolewa, na sasa kuna pengo ambalo haliwezi kuziba lenyewe. Daktari anaieleza familia kwamba atalijaza kwa punje za mfupa uliotengenezwa kiwandani. Siku ya tatu baada ya upasuaji, mguu umevimba, una joto na unauma. Jamaa wanaanza kunong'onezana kwamba mwili umeukataa mfupa huo.

Je, ni kweli? Aghalabu si kweli. Uvimbe wa siku za kwanza ni ishara kwamba mafundi wameanza kazi. Ni muhimu msomaji aelewe jambo hili, kwani hofu ya aina hiyo humfanya mgonjwa ameze tembe kiholela au akose kurudi kliniki.

Kwa nini mfupa bandia?

Njia ya miaka mingi ya kuziba pengo kama hilo ni kuchukua mfupa wa mgonjwa mwenyewe, hasa kutoka kwenye nyonga, na kuupandikiza panapohitajika. Mfupa huo una seli hai na mwili hauukatai. Hata hivyo, mgonjwa hupata kidonda cha pili, na mfupa unaoweza kuchukuliwa ni kidogo.

Ndiyo sababu madaktari walianza zamani kutafuta kitu mbadala. Mwaka wa 1892 daktari Mjerumani aliyeitwa Dreesmann alieleza jinsi alivyojaza mashimo ya mifupa kwa plasta, ile ile nyeupe anayofungwa mtu aliyevunjika mkono. Kasoro ya plasta ni kwamba huyeyuka upesi, mara nyingi kabla mfupa mpya haujaota. Mwaka wa 1920 Fred Albee wa Marekani aliandika kuhusu kutumia kalsiamu fosfeti.

Siku hizi hutumiwa sana haidroksiapataiti, inayofanana na madini yaliyomo ndani ya mfupa wenyewe, na trikalsiamu fosfeti, ambayo huyeyuka haraka zaidi. Huja zikiwa punje, vipande au uji mzito. Madaktari wa meno nao huzitumia kujaza taya lililopungua.

Vitu hivi havina seli za mtu mwingine. Kwa hivyo havikataliwi jinsi figo ya kupandikizwa inavyoweza kukataliwa, na mgonjwa hahitaji dawa za kudhoofisha kinga. Lakini mwili hutambua kwamba kuna mgeni.

Walinzi wanapofika

Mara tu punje zinapowekwa, damu huzizunguka na kuganda, na protini za damu hujipaka juu yake. Saa chache baadaye hufika kundi la kwanza la seli nyeupe za damu, zinazoitwa neutrofili. Kazi yake ni kuua viini na kuondoa takataka. Haziishi muda mrefu.

Kisha huja makrofeji, seli kubwa ambazo humeza vitu. Aliyefungua njia ya kuzielewa ni mwanasayansi Elie Metchnikoff. Mwaka wa 1882, akiwa Messina, Italia, alidunga mwiba ndani ya kiluwiluwi cha kiti cha pweza. Kesho yake aliona seli zimeuzingira mwiba huo. Mwaka wa 1908 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Makrofeji zina tabia mbili. Mwanzoni huwa na hasira. Hutoa kemikali zinazoita seli nyingine na kuleta uvimbe, joto na maumivu. Baada ya siku kadhaa, mambo yakienda vizuri, nyingi hubadilika na kuwa wapatanishi. Sasa hutoa kemikali zinazokuza mishipa midogo ya damu na kuziita seli zinazojenga mfupa.

Zamu zote mbili zinahitajika. Katika majaribio ya panya walioondolewa makrofeji, mifupa iliyovunjika haikupona sawasawa. Kwa upande mwingine, hasira isiyokwisha ina hasara yake. Makrofeji huungana na kuwa seli kubwa mno, na mwili hujenga ukuta wa kovu kuuzunguka mfupa bandia. Mgeni hufungiwa nje badala ya kukaribishwa, na pengo hubaki pale pale.

Kuna mafundi wengine wa ukoo huo huo wa makrofeji. Hawa ni osteoklasti, seli zinazobomoa mfupa. Msomaji asishangae, kwani hata fundi wa nyumba huondoa majukwaa ya mbao ukuta unaposimama. Osteoklasti huutafuna mfupa bandia polepole, na nyuma yake huja seli za kujenga zikiweka mfupa halisi. Trikalsiamu fosfeti huweza kuliwa kwa miezi kadhaa, lakini haidroksiapataiti hubaki kwa miaka.

Umbo la mgeni

Hapo awali watengenezaji walitafuta kitu ambacho mwili hautakijali kabisa. Leo wanajua kwamba kinga haiepukiki, kwa hivyo hutafuta kitu kitakachoituliza kwa wakati ufaao. Matundu ndani ya mfupa bandia yanapaswa kupita moja ya kumi ya milimita ili mishipa ya damu na seli zipenye. Uso wenye mikwaruzo midogo huweza kuzifanya makrofeji zitende tofauti na uso laini. Isitoshe, vumbi jembamba huweza kuzichokoza kwa muda mrefu. Jambo hilo linajulikana sana kwenye nyonga bandia, ambapo chembe za plastiki zinazosagika huweza kusababisha mfupa wa kandokando kuliwa.

Mgonjwa afanye nini?

Kwanza, anayevuta sigara aache. Moshi hupunguza damu inayofika kwenye kidonda na kuchelewesha mfupa kuunga.

Pili, mwenye ugonjwa wa kisukari adhibiti sukari yake. Sukari ikipanda, makrofeji hukawia katika hali ya hasira, na viini hupata nafasi.

Tatu, usijinunulie dawa za kupunguza uvimbe kama ibuprofeni na diklofenaki. Majaribio kwa wanyama yameonyesha zinaweza kuchelewesha mfupa kuunga. Kwa binadamu matokeo hayalingani, kwa hivyo mwachie daktari aamue dawa gani na kwa siku ngapi. Anayetumia dawa za steroidi amjulishe daktari kabla ya upasuaji, lakini asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Nne, kula chakula chenye protini na kalsiamu. Maharagwe, mayai, maziwa na omena vinapatikana sokoni bila gharama kubwa.

Mwisho, jua tofauti kati ya uvimbe wa kupona na uvimbe wa maradhi. Ule wa kupona hupungua siku zinavyosonga. Ukiona maumivu yanazidi badala ya kupungua, usaha, harufu mbaya, homa, au kidonda kilichofunga kikifunguka tena, rudi hospitalini siku hiyo hiyo. Hao ni viini, na viini vikijificha ndani ya mfupa bandia ni vigumu kuving'oa.

Usikose kwenda kupigwa picha za eksirei kila unapoitwa, hata kama mguu hauumi. Mfupa huunga kwa majuma na miezi, na hujirekebisha kwa miaka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu naye huponya, mradi mwenyeji ampokee vyema na asiwazuie mafundi wake kufanya kazi.