Somo la 14: Vali za Injini ya Dizeli

Bila shaka umewahi kutumwa mashineni kusaga mahindi. Huenda siku moja ulifika ukakuta watu wameketi na ndoo zao, na mashine iko kimya. Mwenye mashine anazungusha mkono wa kuwashia. Gurudumu zito linazunguka kwa wepesi, lakini injini haiwaki. Dizeli imo tangini na chujio ni safi. Je, kasoro iko wapi? Katika somo hili utajifunza jinsi fundi anavyolijibu swali hilo.

Jaribio: Kubana hewa

Vifaa: pampu ya baiskeli na gurudumu la baiskeli lililopungukiwa na upepo.

1. Gusa sehemu ya chini ya pampu. Jaza upepo kwa kupampu mara 30 kwa nguvu. Gusa tena. Unahisi nini?
2. Ondoa pampu kwenye gurudumu. Ngoja ipoe, kisha pampu mara 30 hewa ikitoka huru. Je, joto ni sawa na lile la kwanza?
3. Ziba tundu la pampu kwa kidole gumba, kisha sukuma. Sasa legeza kidole kidogo tu, usukume tena. Kuna tofauti gani?

Umeona kwamba hewa ikibanwa hupata joto. Umeona pia kwamba hewa haibaniki ikiwa ina upenyo, hata uwe mdogo.

Injini ya dizeli hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda mpaka nafasi yake iwe ndogo kiasi cha mara 16 hadi 20 kuliko ilivyokuwa mwanzo. Hewa hiyo hupata joto linaloweza kupita nyuzi 500 za Sentigredi. Dizeli ikipulizwa humo huwaka yenyewe. Mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, mhandisi Mjerumani aitwaye Rudolf Diesel alifanikiwa kuendesha injini ya namna hii. Jina la mafuta haya latokana na jina lake.

Milango miwili

Juu ya silinda kuna kifuniko kizito cha chuma. Mafundi hukiita silinda hedi. Ndani yake mna vali mbili: moja huingiza hewa, nyingine hutoa moshi. Vali ni kama mlango, na ukingo unaoukalia ni kiti chake. Injini nyingi ndogo hufanya kazi kwa mipigo minne:

1. Pistoni hushuka, vali ya hewa i wazi, hewa huingia.
2. Pistoni hupanda, vali zote zimefungwa, hewa hubanwa.
3. Dizeli huwaka, pistoni husukumwa chini kwa nguvu, vali bado zimefungwa.
4. Pistoni hupanda, vali ya moshi i wazi, moshi hutoka.

Mipigo hii minne huchukua mizunguko miwili ya injini. Kwa hiyo, injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila vali hufunguka na kufunga mara 400 katika dakika hiyo. Vali ya moshi hupata taabu zaidi, kwa kuwa hupitiwa na moshi wa moto mkali. Masizi hujikusanya, kiti huliwa, na mlango haufungi sawasawa tena.

Fundi achunguza

Fundi huzungusha gurudumu polepole kwa mkono na kusikiliza. Akisikia hewa ikivuma katika bomba la moshi, hujua kwamba vali ya moshi inavuja. Ikivuma mahali pa kuingilia hewa, vali ya hewa ndiyo mbovu. Kama injini inaendelea kuwaka, na mapovu yanatoka katika maji ya kuipoza, huenda gasketi iliyo chini ya silinda hedi imetoboka. Hivyo fundi mwema hutafuta sababu kabla ya kushika spana.

Kusaga vali

Injini ikisha kupoa, fundi humwaga maji na kulegeza nati za silinda hedi kidogo kidogo, kwa zamu. Huondoa vali na kuweka alama, ili kila moja irudi kwenye kiti chake. Huondoa masizi, kisha hutazama. Vali iliyopinda au kupasuka haifai tena. Yenye vishimo vidogo husagwa.

Hupaka dawa ya kusagia ukingoni mwa vali, akaiweka kitini, na kuizungusha huku na huku. Mara kwa mara huiinua na kuigeuza kidogo. Huendelea mpaka uonekane mduara wa kijivu usiokatika. Kisha hufuta dawa yote, kwa sababu chembe zake ngumu zikibaki zitaikwaruza silinda.

Baada ya kurudisha vali na springi, humimina mafuta ya taa katika njia ya hewa na ya moshi. Yakipenya kwenye vali, kazi haijaisha.

Mwishowe huweka gasketi mpya na kukaza nati kwa hatua, kwa utaratibu na kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha injini.

Nafasi ndogo yenye kazi kubwa

Kati ya vali na mkono unaoisukuma lazima pawe na nafasi, sehemu ndogo tu ya milimita moja. Kwa nini? Ulikwisha kujifunza kwamba chuma hutanuka kipatapo joto. Pasipo nafasi, vali ikitanuka haitafunga kabisa. Itavuja na kuungua. Nafasi ikizidi, vali itagonga kwa kelele na kufunguka kwa uchache. Fundi huipima kwa vipande vyembamba vya chuma vyenye unene unaojulikana, pistoni ikiwa juu na vali zote zimefungwa.

Sasa mkono wa kuwashia ni mzito. Injini inawaka, na akina mama wanapanga ndoo zao foleni.

Hadhari: Usisogelee gurudumu wala ukanda wa mashine inayozunguka. Injini isiendeshwe katika chumba kilichofungwa, kwa maana moshi wake una gesi ya sumu inayoweza kuua.

Maswali

1. Kwa nini injini ya dizeli haihitaji plagi ya kutoa cheche?
2. Injini inazunguka mara 800 kwa dakika. Vali moja hufunguka mara ngapi kwa saa moja?
3. Gurudumu linazunguka kwa wepesi, na hewa inavuma katika bomba la moshi. Eleza kasoro iliyopo.
4. Fundi mmoja hakuacha nafasi yoyote juu ya vali. Injini iliwaka vizuri ilipokuwa baridi, kisha ikapoteza nguvu. Eleza sababu.