Kilowati 12 za Kwenda Mbeya

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kama kilomita 830. Mtu anayetafuta gari dogo lililotumika, la bei anayoimudu, la kumfikisha huko na kumrudisha, kwa kawaida huanzia kwa dalali, na dalali huanza na sifa zake: ni namba D au namba E, dashibodi inasoma kilomita ngapi, rangi bado ni ya kiwandani. Sisi tuanze na swali lisilo na bei. Gari likishashika mwendo kwenye lami tambarare, kwa nini liendelee kunywa mafuta?

Swali si la kitoto. Isaac Newton alionesha kwamba kitu kinachokwenda huendelea kwenda mpaka kitu kingine kikizuie. Kama gari linahitaji mafuta ili libaki kwenye kilomita 100 kwa saa ileile, basi kuna kinacholirudisha nyuma muda wote. Barabarani vipo viwili: matairi yake lenyewe, na hewa.

Tairi linapokanyaga lami hubonyea, kisha hurudia umbo lake, lakini halirudishi nguvu yote iliyolibonyeza. Sehemu hupotea kuwa joto ndani ya mpira. Kwa tairi zima lenye upepo wa kutosha, hasara hiyo ni kama asilimia 1 ya uzito wa gari. Chukua gari dogo lenye watu wawili na mizigo, jumla kilo 1,200: kani ya kulizuia ni kama nyutoni 130, sawa na uzito wa mzigo wa kilo 13. Ni ndogo, na haibadiliki sana ukienda pole au mbio.

Hewa ina tabia nyingine. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari hupita mita 28 kila sekunde. Uso wa gari dogo una ukubwa wa kama mita 2 za mraba, kwa hiyo kila sekunde linakutana na mita 56 za ujazo za hewa. Huku pwani kila mita ya ujazo ina kilo 1.2. Piga hesabu: kila sekunde gari linapasua njia kwenye kilo zaidi ya 60 za hewa. Sasa ongeza mwendo mara mbili. Hewa unayokutana nayo kwa sekunde inakuwa mara mbili, na kila kilo ya hewa hiyo inasukumwa pembeni kwa kasi mara mbili. Mbili mara mbili ni nne. Ndiyo maana kani ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo, na ndiyo maana madereva hushangaa mafuta yalikoenda.

Kwa gari letu, hewa huzuia kwa takriban nyutoni 200 ukiwa kwenye 80, nyutoni 310 kwenye 100, na nyutoni 450 kwenye 120. Jumlisha zile 130 za matairi. Kani ikizidishwa kwa mwendo inatupa kilowati zinazohitajika: kama 7 kwenye 80, 12 kwenye 100, na 19 kwenye 120. Kilowati 12 ni nguvu za farasi 16 tu. Mojawapo ya injini ndogo utakazozikuta yadi, ile ya lita 1 ya Toyota Vitz, ina farasi 70 hivi. Kwa hiyo hoja ya kwamba gari dogo “halina nguvu ya safari” inaanguka hapa, angalau kwenye tambarare. Itasimama tena baadaye kidogo.

Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban megajuli 32. Injini ya kawaida huifikisha robo yake hivi kwenye magurudumu, yaani megajuli 8. Iliyobaki huondoka kama joto. Kwa kilomita 100 za barabara, gari letu litahitaji kama lita 4.1 likienda 80, lita 5.5 likienda 100, na lita 7.2 likienda 120. Mpaka Mbeya hizo ni lita 34, au 46, au 60. Tangi la gari la aina hii hubeba lita arobaini na kitu. Anayetembea 80 anafika kwa tangi moja. Wa 120 anatafuta kituo cha mafuta kabla ya Makambako.

Hakuna anayekwenda 120 njia nzima, najua. Kuna vijiji vya 50, kuna trafiki na tochi zao, kuna wanyama wa Mikumi. Vijiji navyo vina gharama inayohesabika. Ukishuka kutoka 100 hadi 50 kwa breki, kisha ukarudi 100, umechoma kama mililita 40 za petroli kupasha breki joto. Vijiji 50 ni lita 2. Na mlima je? Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kuinua kilo 1,200 kimo hicho kunahitaji megajuli 20, yaani lita 2 na nusu. Watu hulaumu milima kwa mafuta yao. Mlima wote wa kutoka baharini hadi Mbeya, ukiondoa kupanda na kushuka kwa njiani, unakula karibu sawa na breki za vijijini, na tofauti ya kwenda 100 badala ya 80 inazidi vyote viwili kwa pamoja.

Basi kwa nini nisimshauri mtu anunue injini ya lita 1 na kumaliza? Kwa sababu ya malori.

Fikiria uko nyanda za juu, kati ya Iringa na Makambako, nyuma ya lori, na unataka kutoka 80 hadi 100 ili ulipite. Kwenda 100 badala ya 80 kunahitaji kuongeza nishati ya mwendo kwa kilojuli 167. Ukitaka uipate kwa sekunde 6, hizo ni kilowati 28, juu ya kilowati 9 au 10 zinazopambana na hewa na matairi. Jumla karibu 38. Injini ya farasi 70 hutoa kilowati 52, lakini hiyo ni pwani. Kwenye kimo cha mita 1,700 hewa imepungua kwa kama asilimia 15, na injini isiyo na tabo huvuta hewa ya pale ilipo, zinabaki 44. Gia boksi nayo inachukua chake, na magurudumuni zinafika kama 38. Yaani mguu umefika sakafuni, na hakuna akiba hata kidogo.

Sasa weka mwinuko wa mita 4 kwa kila mita 100, ambao macho hayauoni vizuri. Mwinuko huo peke yake unadai kilowati 12. Sekunde 6 zinakuwa 10, na katika sekunde hizo umetembea mita 250 upande usio wako, huku basi la mbele likija na mita 250 zake. Injini ya lita 1.5 kama ya Toyota IST, yenye farasi 110 hivi, ingefanya kazi hiyo kwa sekunde 4 na ushei. Ni hesabu ya karatasi. Gia halisi huongeza muda kwa magari yote mawili. Ila uwiano unabaki. Kwa njia ndefu yenye malori ningechukua lita 1.3 hadi 1.5, na hasara ya mafuta ni ndogo, kwa kuwa hewa haijali injini ina ukubwa gani.

Tumesema robo tatu ya petroli huwa joto. Ukienda 100 hizo ni kama kilowati 36, na karibu nusu yake inapaswa kutolewa na maji ya rejeta. Kwenye tambarare upepo unasaidia. Ukipanda mlima kama Kitonga kwa mwendo wa 50, mwinuko wa mita 8 kwa kila 100, injini inatoa kilowati 16 badala ya 12 wakati upepo unaopita kwenye rejeta umepungua nusu. Joto limeongezeka, njia ya kulitoa imefinywa. Hapo ndipo magari mengi yaliyotumika hufia, na mara nyingi kwa kitu cha bei ndogo: feni isiyowaka, au mfuniko wa rejeta.

Mfuniko huo si kizibo tu. Kwenye kimo cha Mbeya maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi kama 94, na injini hufanya kazi karibu na hapo hapo. Mfuniko wenye springi huyafungia maji yapate shinikizo, na yakiwa na kulanti yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 120, kama ilivyo kwenye sufuria ya presha. Springi ikilegea, kinga yote hiyo imeondoka. Kuna pia mafundi wanaong'oa thamostati “ili gari lisichemke”. Gari lililong'olewa thamostati halipati joto lake la kazi mapema, oili inabaki nzito na kuchanganyika na petroli, na ugonjwa uliomfanya fundi aing'oe bado uko palepale.

Kwa hiyo gari likaguliwe likiwa la baridi, na mwenye gari aombwe asiliwashe kabla. Fungua mfuniko wa oili: ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yamepata njia ya kuingia kwenye oili. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata gari likishapata moto ni maji. Vitz nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu, na taa nyekundu huwaka mambo yakiwa yameshaharibika. Kisomeo kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinakuonesha nyuzi zenyewe. Panda nacho Pugu hadi Kisarawe uone zinatulia wapi.

Kilomita za dashibodi zinahitaji kusomwa kwa akili. Gari lililotembea kilomita 60,000 mjini kwa wastani wa 20 kwa saa limeunguruma saa 3,000. Lililotembea 120,000 za barabara kuu kwa wastani wa 60 limeunguruma saa 2,000, tena likiwa la moto muda mwingi, na uchakavu mkubwa wa injini hutokea dakika za mwanzo, oili ikiwa bado haijatapakaa. Kilomita hurudishwa nyuma pia. Pedali ya breki iliyolika mpaka ikang'aa haiendani na 45,000. Kama gari limetoka mnadani Japani, omba karatasi ya mnada. Herufi R penye daraja maana yake lilipata ajali likatengenezwa.

Gia boksi za CVT zina kanda ya chuma inayobanwa kati ya puli mbili, na mvuto wote unategemea msuguano ndani ya oili yake maalumu. Zinatunza mafuta, sizikatai. Ila ukimuuliza muuzaji iliwekwa oili gani, naye akajibu “ya gia boksi tu”, tafuta gari lingine. IST za toleo la kwanza zina otomatiki ya gia nne ya kawaida, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kuvumilia barabara zetu.

Matairi nimeyaacha mwisho, kwa kuwa wanunuzi nao huyaacha mwisho. Tairi lenye upepo pungufu hubonyea zaidi kila mzunguko, na kwenye 100 linazunguka zaidi ya mara 14 kwa sekunde. Joto hujikusanya ndani, mpira na nyuzi huachana, kisha tairi hupasuka. Kipimo cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata zinaweza kuwa ndefu na mpira ukawa umeshazeeka. Ukikuta tarehe kama hiyo, toa bei ya matairi manne mapya kwenye bei unayotajiwa, ndipo muendelee kuzungumza.