Filta ya Hewa ya Lori: Ya Karatasi au Ya Kuoshwa?



Katika mkutano wa mwezi uliopita tuliulizwa swali ambalo hatukuweza kulijibu vizuri papo hapo. Kwa nini chama kinanunua filta za hewa za karatasi na kuzitupa, na hali madukani zipo filta za kuoshwa zinazotumika kwa miaka? Mwenye kuuliza ana haki ya kujibiwa, kwani fedha ni za karafuu zake. Tumewauliza mafundi, tumekisoma kitabu cha lori, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tuijue kazi ya filta hiyo, ambayo mafundi wetu huiita ea-klina. Injini hainywi dizeli peke yake, yavuta na hewa. Lita moja ya dizeli haiungui sawasawa ila kwa hewa ya lita 10,000 na zaidi, yaani kiasi cha kujaza mapipa 50 ya lita 200. Basi fikirini lori litokapo shambani kwa njia ya udongo mwekundu, na gari nyingine iko mbele yake: ni hewa gani hiyo inayovutwa? Vumbi lile ni mchanga mdogo, nao ni mgumu. Baina ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda pana utando wa oili mwembamba mno, wa elfu chache tu za milimita. Chembe isiyoonekana kwa macho ikifika hapo hufanya kazi ya msasa. Ringi na silinda zikisha kulika, injini huanza kula oili, hutoa moshi wa buluu, nguvu hupungua, wala hapana dawa ila kuifungua.

Hayo si ya kusimuliwa. Msimu uliopita lori letu lilishindwa kupanda mlima likiwa na magunia ya karafuu mbichi. Lilipofunguliwa, silinda zilikuwa zimelika. Ikaonekana kwamba filta ya karatasi ilikuwa imefuliwa kwa maji na sabuni ya unga, ikaanikwa juani kama kanzu, ikarudishwa. Wengi walimlaumu utingo. Lakini yatupasa tuseme kweli: ombi la kununua filta mpya lililetwa mezani kwetu mapema, nasi tuliandika pembeni, “Ingojee mauzo.” Kijana wa watu alifanya alivyoweza. Lori lililala wiki tatu, na karafuu za wanachama zilizokuwa zikingoja kupelekwa kwenye majamvi zikarundikana vibandani. Kila mkulima ajua karafuu mbichi ikirundikwa hupata moto, ikavunda, na ikikauka huwa nyeupe nyeupe, haina daraja wala bei. Fedha tuliyoiokoa kwenye filta moja haikufika hata sehemu ndogo ya hasara ile.

Sasa tuzitazame filta zenyewe.

Wazee wetu wanazikumbuka lori za zamani, Bedford na nyinginezo, zilizokuwa na bakuli la oili. Hewa ilipita juu ya oili, vumbi likanasa, na dereva akamwaga tope na kutia oili nyingine. Ilikuwa ni filta isiyotupwa, na ilifaa kwa zama zake. Lakini vumbi jembamba lilipita, hasa injini ilipokwenda polepole, kwa kuwa hewa haikuwa na kasi ya kulitupa vumbi kwenye oili.

Filta ya karatasi hukunjwa mikunjo mingi ili eneo kubwa liingie katika mkebe mdogo. Jambo la ajabu ni kwamba haichuji vizuri zaidi ikiwa mpya. Ikishapata vumbi kidogo, vumbi lenyewe huziba matundu makubwa na kusaidia kuchuja. Kwa hiyo msiihukumu kwa rangi. Kuifungua kila siku kuitazama ni kuharibu, maana kila inapofunguliwa vumbi la mkebeni huweza kudondokea upande safi. Katika bomba la hewa la lori letu kipo kidude chenye alama nyekundu, na alama hiyo ikionekana ndipo filta imekwisha. Moshi mweusi na uvivu wa kupanda mlima pia ni dalili za kukosa hewa. Adui mkubwa wa karatasi ni maji. Ikirowana huvimba na kuzuia hewa, na ikifuliwa hupasuka mahali pasipoonekana. Wengine huipiga kwenye gurudumu, wengine huipuliza kwa pampu ya mwenye kuziba pancha. Upepo wa nguvu huitoboa. Mwenye shaka naye aingie chumba cha giza, atie tochi ndani ya filta: akiona hata nukta moja ya mwanga, aitupe.

Filta ya kuoshwa aliyoitaja mwanachama ni ya kitambaa cha pamba kilichotiwa oili, nayo si mbaya. Hupitisha hewa kwa wepesi, na bei yake hurudi ukiitunza. Shaka yetu iko kwenye huko kuitunza. Yataka sabuni yake maalumu, maji ya taratibu kutoka upande safi kwenda upande mchafu, kukauka kabisa kivulini pasipo moto wala pampu, kisha oili yake kwa kipimo. Oili ikipungua, vumbi hupita. Ikizidi, hufuata hewa, na katika gari zenye kipimo cha hewa cha umeme huweza kukichafua. Na siku inapokauka lori lisimame, au tununue mbili. Ati huongeza nguvu za injini. Kwa lori la dizeli lenye filta kubwa iliyo safi, nguvu hizo hatudhani dereva atazihisi mlimani.

Mwanachama mwenye gari yake mwenyewe, ajuaye kuioga na kuipaka filta yake, na apitaye zaidi barabara ya lami, hatumkatazi. Wenye pikipiki wengi tayari wana filta za sifongo za kuoshwa. Wazifue kwa sabuni na maji ya vuguvugu, si kwa petroli, na wazitie oili kabla ya kuzirudisha. Lakini lori la chama hushikwa na mikono mingi, na msimuni hakuna mwenye nafasi ya kungoja kitambaa kikauke. Kwa hiyo tunapendekeza chama kiendelee na karatasi, na mbili za akiba ziwe stoo kabla ya msimu, pamoja na ile ndogo ya ndani, ambayo haisafishwi kabisa, hubadilishwa tu.

Dereva naye ametakiwa akague bomba la mpira na vibano vyake, kwani bomba lililopasuka nyuma ya filta huifanya filta iwe bure. Atie kidole ndani ya bomba upande wa injini. Akikitoa na vumbi, asiwashe gari mpaka pajulikane panapovuja. Tarehe ya kubadilisha itaandikwa kwa wino juu ya mkebe na katika daftari la lori, ambalo liko ofisini kwetu kila siku asubuhi kwa mwanachama yeyote atakaye kuliona.