Laptopu ya Kikundi Ikichemka



Hebu tuanze na mfano. Ni mwezi wa Machi, saa nane mchana. Mwekahazina ameketi chini ya paa la mabati huku Likoni, anaingiza malipo ya wanachama kwenye laptopu ya kikundi. Feni inavuma, mashine inaunguza mapaja, mara zii! Imejizima. Malipo ya watu kumi yalikuwa hayajahifadhiwa. Kesho yake ni manung'uniko: nani alilipa, nani hakulipa? Kikundi huweza kuvunjika kwa jambo kama hili.

Kabla ya kukimbilia fundi au kuchangisha pesa za mashine mpya, tujifunze kidogo.

Kwa nini inachemka?

Prosesa ndiyo akili ya kompyuta, na ikifanya kazi hutoa joto. Feni huvuta hewa ya nje ili kuipoza. Hapa kwetu miezi ya joto hewa hiyo hufika nyuzi 32 na zaidi. Matundu yakijaa vumbi, feni hulemewa. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo zenyewe. Joto likizidi hapo, mashine hujizima isije ikaungua.

Hatua ya kwanza: hewa

Zima mashine na uchomoe waya. Safisha matundu kwa brashi laini iliyo kavu. Usipulize kwa mdomo, maana mate yana unyevu. Usiiweke juu ya kitanda, mto wala leso; iweke mezani, na upande wa nyuma uinuliwe kwa vibao viwili ili hewa ipite chini.

Hatua ya pili: punguza moto

Mpishi akiona wali unataka kuungua, hupunguza makaa. Prosesa nayo hupunguzwa. Kwenye mashine ya Windows fanya hivi:

1. Bonyeza kitufe cha Windows, andika "Control Panel", uifungue.
2. Ingia "Hardware and Sound", kisha "Power Options".
3. Kando ya mpango unaotumika, chagua "Change plan settings", halafu "Change advanced power settings".
4. Shuka hadi "Processor power management", fungua "Maximum processor state".
5. Utaona mistari miwili: wa betri na wa stima. Yote miwili, badilisha 100 uweke 99. Bonyeza "Apply", kisha "OK".

Mtu atauliza, asilimia moja itasaidia nini? Ikiwa kwenye 100, prosesa nyingi huruhusiwa kukimbia kupita mwendo wao wa kawaida, na mbio hizo ndizo zinazoleta joto jingi. Kwenye 99, mara nyingi mbio hizo huzimika. Kuandika barua na kujumlisha hesabu hakuhitaji mbio hizo.

Itumie siku nzima. Ikiwa bado inachemka, shusha hadi 90, kisha 80. Usiende chini sana, itakuwa nzito kama kobe. Ukitaka kurudi ulikotoka, andika 100 tena, hakuna kilichoharibika.

Laptopu nyingine mpya hazionyeshi mstari huo. Kwenye Windows 11 ingia "Settings", "System", kisha "Power & battery", na penye "Power mode" chagua "Best power efficiency".

Hatua ya tatu: fundi

Mipangilio hupunguza joto, lakini haitoi vumbi wala haitengenezi feni. Mpelekee fundi ikiwa feni haizunguki au inakwaruza. Huenda pia dawa ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa imekauka. Na betri ikivimba, acha kuitumia mashine papo hapo, wala usiichaji.

Zaidi ya yote, hifadhi kazi kila baada ya malipo machache, na daftari la mkono msilitupe. Mashine ni msaidizi. Uaminifu wa hesabu ni wetu sisi.

Maswali ya kujadiliana

1. Laptopu yetu hukaa wapi inapotumika? Hewa inapita?
2. Ni nani zaidi ya mwekahazina anayejua kubadilisha mpangilio huu?
3. Mashine ikizima leo, hesabu zetu ziko wapi kwingine?