Mjukuu Ambaye Hajafanyiwa Akika

*Mshauri, mkazamwana wangu amejifungua mtoto wa kiume, sasa ana miezi mitatu. Daktari amesema ana hali iitwayo Down. Tangu siku hiyo nyumba imepoa: akika haikutajwa, mawifi wananong'ona kuwa kasoro imetoka kwa kina mama mtoto, na shemeji yangu anataka mtoto apelekwe kwa mganga. Mama mtoto hatoki chumbani. Sisi jamaa tufanye nini? — Bibi, Ngamiani, Tanga.*

Bibi, kabla ya yote nataka hiyo nong'ona ya mawifi itoke nyumbani kwenu, kwa kuwa maadamu ipo, kila msaada utakaomfikia mama huyo utamfikia na harufu ya tuhuma. Ilibainika mwaka 1959, kwa uchunguzi wa madaktari wa Ufaransa, kwamba mtoto wa hali hii huwa na kromosomu 47 katika chembe za mwili wake, badala ya 46 tulizojaaliwa wengi wetu. Na nyongeza hiyo aghalabu hutokea kwa nasibu, pasipo laana, pasipo uchawi, wala pasipo mama kula au kutenda jambo lolote. Ni kweli kuwa uwezekano huongezeka kadiri umri wa mama unavyosonga, lakini wasichana nao huwazaa, na nasaba ambamo hali hii hurithiwa ni chache mno. (Mawifi, naona, hawajamtuhumu kaka yao.)

Kwa mganga asiende. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo, ambayo pengine haionekani kwa macho. Basi ikiwa moyo wake haujapimwa, hilo litangulie mambo yote. Akitoka jasho anaponyonya, akihema mbiombio, au midomo ikigeuka buluu, msingoje siku ya kliniki. Iwapo atahitaji kupasuliwa, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, huifanya kazi hiyo kwa watoto. Na ukoo uwezao kuunda kamati ya harusi haushindwi na nauli ya mama na mwana na mahali pao pa kulala.

Sasa huyo asiyetoka chumbani. Mtoto wa hali hii misuli yake ni milegevu, ulimi humjia mbele, hunyonya kwa taabu na kusinzia chuchu ikiwa kinywani, na mama hukaa kitako, mgongo ukimuuma, hata zamu moja ya kunyonyesha ikaingia katika nyingine. Mwanamke aliyemo katika adha hiyo hana haja ya mgeni aketiye ukumbini kungojea chai, akimpa pole ya msiba kwa mtoto aliye hai. Ana haja ya mtu wa kufua nepi, kuteka maji, kupika, na kumpokea mtoto akishashiba, akimpakata kwa kuitegemeza shingo, ili mwenyewe apate usingizi. Mkipanga zamu, mwulizeni yeye saa zimfaazo, wala msimnyang'anye mwanawe kwa jina la kumsaidia.

Mwanao hukumtaja hata kwa neno moja, nami nashuku kuwa nyumbani pia hatajwi. Baba naye ana simanzi yake, ijapokuwa huenda kazini na kurudi. Babu na ami zake wamwite barazani, wamwache aseme, na siku ya kliniki mmoja wao afuatane naye.

Ama akika, ifanyeni, maana wakati wake haujapotea, na iwe kwa desturi ile ile waliyofanyiwa wajukuu wako wengine, mtoto aitwe kwa jina lake mbele ya watu. Lakini Bibi, usiingojee siku hiyo. Kesho asubuhi bisha mlango wa mkazamwana wako, mpokee mtoto, umwambie alale mpaka adhuhuri. Na mawifi wakija, wape ndoo ya nepi.